Siku ya mapumziko nayo ni siku ya mazoezi

Yupo mtu ambaye ukimwambia apande baiskeli saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha, atapanda bila kunung'unika. Lakini ukimwambia alale hadi saa moja asubuhi atakuona umemvunjia heshima. Mtu huyo ni mwanamichezo wa traiathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja lisilo na kituo baina yake. Leo tumeona ni vema tumzungumzie yeye, hususan katika ile wiki ambayo kocha wake humtaka apunguze mazoezi ili mwili upate kujirejesha.

Huenda msomaji wetu akauliza: kuna nini cha kuandikia tahariri katika jambo hilo? Ulimwengu una vita, una njaa, una bei za vyakula zisizoshikika, nasi tunashughulika na mtu aliyeambiwa apumzike na hataki! Tunakiri kwamba swali hilo lina haki yake. Hata hivyo, tunaiona hali ya mwanamichezo huyu kuwa ni kioo cha hali ya watu wengi wasiokuwa na baiskeli wala viatu vya kukimbilia, na tunaona pia kwamba yapo madhara ya kweli, ya mifupa kuvunjika na ya nyumba kutetereka, ambayo chanzo chake ni dhana moja tu potofu: kwamba anayesimama anarudi nyuma.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Kwa sura yake ya sasa ulianzia Mission Bay, mjini San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, mwezi Septemba 1974. Februari 1978, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ofisa wa jeshi la wanamaji aitwaye John Collins na mkewe Judy waliandaa shindano ambalo wakati ule wengi waliliona kuwa ni wazimu: kuogelea kilomita 3.8, kisha kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12, na wa kwanza wao, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Shindano hilo likapewa jina la Ironman, yaani mtu wa chuma. Mwaka 2000 traiathloni iliingia katika michezo ya Olimpiki mjini Sydney kwa masafa mafupi zaidi, ambayo ni kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Leo hii maelfu ya watu wa kawaida, wahasibu, walimu, wauguzi na madereva, hujiandaa kwa miezi mingi ili washiriki, nao hawana tamaa ya medali bali wanataka kufika mwisho tu.

Jina lile la mtu wa chuma, kwa maoni yetu, limeleta madhara yake. Chuma hakilali. Chuma hakina usiku ambao ndani yake hujirekebisha kikaamka kikiwa na nguvu kuliko jana. Chuma kikitumika huchakaa tu, basi. Nyama na mifupa ya binadamu ndivyo vilivyopewa uwezo wa kuumia kidogo na kisha kupona kwa ziada, na uwezo huo haufanyi kazi wakati mtu yuko barabarani akitokwa na jasho. Unafanya kazi akiwa amelala.

Makocha wa mchezo huu wanalijua jambo hilo, na ndiyo maana kwa kawaida hupanga mazoezi kwa mafungu. Wiki mbili au tatu hupandishwa kiasi cha mazoezi hatua kwa hatua, na kisha hufuata wiki moja ambayo kiasi hicho hupunguzwa kwa theluthi moja hadi nusu. Aliyekuwa akifanya saa 12 kwa juma hushuka hadi saa 6 au 8, na ndani yake huwekwa siku moja au mbili za kutofanya chochote kabisa. Katika karatasi ya ratiba wiki hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini moyoni mwa mwanamichezo ndiyo nzito kuliko zote.

Tumfuate siku baada ya siku. Jumatatu huipokea kwa shukrani. Amelala vizuri, amekula vizuri, ameketi na watoto wake. Jumanne mchana huanza kutotulia, hajui mikono aiweke wapi, anasimama, anaketi, anafungua ratiba kuangalia kama hakuisoma vibaya. Jumatano ndipo linapotokea jambo la kushangaza. Badala ya kujisikia mwepesi anajisikia mzito, miguu ni kama magogo, kichwa kimejaa usingizi, na hata kupanda ngazi kunamchosha. Hapo huwageukia watu wa nyumbani na kusema: mnaona? Nimepumzika siku mbili tu na tayari nimeharibika! Hajui, au hataki kujua, kwamba uchovu ule haukuletwa na mapumziko. Ulikuwapo tangu wiki ya pili, ukifunikwa na haraka za kila siku, na sasa haraka zimeondolewa ndipo umejitokeza kudai haki yake. Ni kama mtu aliyebeba mzigo safari ndefu: maumivu ya bega huyasikia sawasawa pale anapoutua.

Ifikapo Alhamisi majadiliano na nafsi huwa yamekwisha anza, na hapa traiathloni ina mtego wake wa pekee. Mkimbiaji akiambiwa asikimbie, hana pa kukimbilia. Lakini mwanamichezo wa traiathloni ana milango mitatu, na akifungiwa mmoja huingilia mwingine. Ameambiwa asikimbie, basi ataogelea kidogo, kwani maji hayaumizi viungo. Ameambiwa asiogelee, basi atapanda baiskeli kwenda dukani. Duka lenyewe anakumbuka kwamba liko mbali, na njia anayochagua ina vilima. Ameambiwa aache vyote vitatu, basi atanyanyua vyuma, kwa kuwa kunyanyua vyuma hakumo miongoni mwa vile vitatu. Jumapili akihesabu, anakuta wiki yake ya mapumziko ilikuwa na saa 10 za mazoezi, na Jumatatu anaanza fungu jipya akiwa na uchovu wa fungu lililopita. Bandu bandu huisha gogo.

Na tuangalie sasa kinachotendeka ndani ya mwili, kwani wengi wanaopuuza mapumziko hufanya hivyo kwa kudhani kuwa ndani yake hakuna kinachotendeka. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Canada, alichapisha maelezo mafupi katika jarida la Nature baada ya kuwachunguza panya waliotiwa katika mashaka ya namna mbalimbali. Aliona kwamba mwili hupita katika hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha hujizatiti na kuizoea shida, na shida ikiendelea bila kikomo huishiwa na nguvu na kusalimu amri. Makocha wa miaka iliyofuata waliyachukua maelezo hayo na kuyajengea ratiba zao. Mazoezi ni shida ya makusudi. Faida yake hupatikana katika hatua ya pili, na anayeongeza shida juu ya shida kabla mwili haujajizatiti hujisukuma mwenyewe kuelekea hatua ya tatu.

Vitu mbalimbali mwilini hujirejesha kwa mwendo wake. Sukari inayohifadhiwa katika misuli, iitwayo glaikojeni, ikimalizwa kwa safari ndefu ya baiskeli huhitaji takriban siku nzima ya kula vizuri ili ijae tena. Nyuzi za misuli zilizochanika kwa mbio za kuteremka mlima huhitaji siku kadhaa. Ama mifupa, hiyo ina taratibu zake za kipekee ambazo laiti kila mwanamichezo angezijua! Mfupa uliosumbuliwa na mizigo mipya haujengwi moja kwa moja. Kwanza seli maalumu hubomoa sehemu iliyochakaa, kazi inayochukua wiki kadhaa, na ndipo seli nyingine huja kujenga sehemu mpya, kazi inayochukua miezi. Maana yake ni kwamba wiki chache baada ya mtu kuongeza mazoezi, mfupa wake huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa alipoanza, ilhali misuli na mapafu yake yamekwisha pata nguvu na yanamwambia songa mbele. Hapo ndipo hutokea nyufa katika mifupa ya mguu na ya unyayo, ambazo humweka mtu nje ya mashindano kwa wiki 6, 8 au zaidi. Wiki ile ya mapumziko aliyoikataa kwa hofu ya kupoteza siku 7 humgharimu msimu mzima.

Je, hofu yenyewe ina msingi? Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha utafiti wa wanamichezo 7 waliokuwa na mazoezi makali ya muda mrefu, ambao walikubali kuacha kabisa kwa siku 84. Katika wiki tatu za mwanzo, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi. Hadi kufikia mwisho ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Tuzingatie kwamba hao waliacha kila kitu, wala hawakuwa watu waliopunguza nusu kwa juma moja. Kwa upande mwingine, mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu wanamichezo wanaopunguza mazoezi kabla ya shindano, wakakuta kwamba walionufaika zaidi ni wale waliopunguza kiasi kwa asilimia 41 hadi 60 kwa muda wa wiki mbili, bila ya kupunguza ukali wa yale machache yaliyobaki. Kwa ufupi, waliofanya nusu ya kazi walikwenda kasi zaidi. Tunaamini kwamba kama kungekuwa na dawa ya kidonge yenye faida hiyo, watu wangeipangia foleni na kuinunua kwa bei yoyote. Kwa kuwa ni bure na inaitwa mapumziko, wanaikimbia.

Hivyo basi tatizo si la elimu peke yake. Wengi wa wanamichezo hawa wamesoma, na yote tuliyoyaeleza hapo juu wanaweza kuyaeleza vizuri kuliko sisi. Mwaka 1970 daktari Frederick Baekeland alitaka kuchunguza nini humpata mtu mwenye desturi ya mazoezi akiyaacha kwa mwezi mmoja. Akawatafuta watu wanaofanya mazoezi siku tano au sita kwa juma, akawaahidi malipo. Wakakataa! Baadhi yao walisema hawataacha kwa fedha yoyote ile. Ikambidi awatumie wanaofanya siku tatu au nne tu, na hata hao walilalamika kwamba usingizi wao uliharibika na nafsi zao zilikosa utulivu. Mwaka 1979 mtaalamu mwingine, William Morgan, aliandika kuhusu wakimbiaji waliofikia hatua ya kuendelea kukimbia hali wameumia, kinyume na ushauri wa daktari, kazi na familia zao zikiathirika. Hakuona haya kuita hali hiyo kuwa ni uraibu.

Sisi hatusemi kwamba kila anayeona uzito siku ya mapumziko ni mraibu. La hasha. Kupenda unachokifanya ni jambo jema, na mtu kukikosa anachokipenda ni lazima asikie upweke kidogo. Tunachosema ni kwamba kuna swali ambalo kila mwanamichezo anapaswa kujiuliza akiwa peke yake: je, mimi ndiye ninayeyafanya mazoezi, au mazoezi ndiyo yanayonifanya mimi? Anayeweza kuacha leo kwa kuwa ratiba inasema aache, huyo angali na hatamu mkononi. Asiyeweza, huyo amekwisha kuwa farasi.

Mfano wa mambo haya tunaupata Hawaii, katika mji wa Kailua-Kona, Oktoba 1995. Paula Newby-Fraser, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1962 katika mji ambao leo unaitwa Harare na kulelewa Afrika Kusini, alikuwa amekwisha shinda mashindano hayo mara saba, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyelifikia. Siku hiyo aliongoza tena. Nyuma yake Karen Smyers wa Marekani alikuwa akipunguza pengo dakika baada ya dakika, na Newby-Fraser, kwa kuona hatari hiyo, akawa anapita vituo vya maji na vyakula bila ya kusimama, katika joto la barabara iliyozungukwa na mawe meusi ya volkeno. Zikiwa zimebaki mita mia chache tu kufika mwisho, miguu ilimkatalia. Akayumba, Smyers akampita, naye akaketi barabarani na kisha kujilaza, watu wakimzunguka. Alikaa pale kwa takriban dakika 20 kabla ya kuinuka na kutembea hadi mwisho, akawa wa nne. Sekunde chache za kupokea kikombe cha maji alizozikataa njiani alizilipa kwa dakika 20 za kulala juu ya lami.

Siku hiyo hiyo, katika barabara hiyo hiyo, Mark Allen wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 37, alishuka katika baiskeli akiwa nyuma ya Mjerumani Thomas Hellriegel kwa zaidi ya dakika 13. Akakimbia, akamfikia, akampita, akashinda kwa mara ya sita. Mwaka uliotangulia, yaani 1994, Allen hakushiriki mashindano hayo kabisa. Isitoshe, kwa miaka mingi alikuwa mfuasi wa mafunzo ya Phil Maffetone, ambayo yalimtaka achunge mapigo ya moyo yasivuke kiwango fulani, hata kama kwa kufanya hivyo angelazimika kukimbia taratibu mno, kiasi cha kumtia haya mtu wa daraja lake. Hatudai kwamba ushindi ule ulitokana na hilo peke yake. Tunasema tu kwamba mtu aliyekaa nje mwaka mzima hakurudi akiwa amesahau namna ya kukimbia.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu jambo hili si geni. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Alipouliza akaambiwa kuwa ni ya Zaynab, ambaye akichoka katika sala huishikilia ili aendelee kusimama. Mtume akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu asali wakati ana uchangamfu, na akichoka aketi. Tunaomba msomaji alitazame tukio hilo vizuri. Hiyo ilikuwa sala, tena ya mja mwema, na kamba ikafunguliwa. Sasa itakuwaje kamba za wanamichezo wetu? Kwani wanazo, na ni nyingi: kikombe cha tatu cha kahawa ili alfajiri ipite, kidonge cha maumivu kinachomezwa kabla ya mbio ili goti linyamaze, bandeji juu ya bandeji. Goti linalonyamazishwa kwa kidonge halijapona. Limezibwa mdomo tu.

Wapo watakaotujibu kwamba mabingwa hawapumziki, na kwamba wanaoshinda Olimpiki hufanya mazoezi saa 25 au 30 kwa juma. Jibu hili tunalisikia mara kwa mara, nalo lina kasoro kubwa. Bingwa anayefanya mazoezi asubuhi hurudi nyumbani akala na kulala. Jioni hufanya tena, akala na kulala. Hiyo ndiyo kazi yake. Majirani zetu wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, ambao dunia nzima huwaonea wivu, mchana baina ya mazoezi ya asubuhi na ya jioni huwakuti wakizurura, wamejilaza. Kwa wengi wao Jumapili ni ya kanisa na ya familia. Na zile mbio zao nyepesi ni nyepesi kwelikweli, mgeni aliyekwenda kujifunza kwao hushangaa kujikuta akiweza kwenda nao sambamba, mpaka kesho yake wanapomwacha kwenye vumbi.

Linganisha hali hiyo na ya yule mhasibu au muuguzi tuliyemtaja. Anaamka saa kumi na nusu usiku, anaogelea, anakwenda kazini, anasimama au kuketi saa nane, anagombana na wateja, anarudi katika msongamano wa magari, anakimbia giza likiingia, anakula akiwa nusu usingizini, analala saa tano. Mazoezi yake ni saa 12 kwa juma, naye akijilinganisha na bingwa wa saa 30 anajiona mvivu. Anasahau kuhesabu upande wa pili wa daftari. Bingwa amelala saa tisa au kumi kwa siku, yeye tano. Mwili hauna mizani mbili, moja ya uchovu wa michezo na nyingine ya uchovu wa maisha. Deni la usiku aliokesha na mtoto mgonjwa huandikwa katika ukurasa uleule ambao zimeandikwa zile kilomita 90 za baiskeli. Kwa hiyo huyu ndiye mwenye kuhitaji wiki ya mapumziko kuliko bingwa, na huyu ndiye anayeikataa. Tena mara nyingi siku anayoiita ya mapumziko huwa ndiyo aliyoirundikia kazi zote zilizosubiri, kutengeneza bomba, kuhamisha makabati, kwenda sokoni na kurudi. Hiyo si siku ya mapumziko, ni siku ya kazi isiyokuwa na baiskeli.

Tusiwabebeshe lawama wanamichezo peke yao. Makocha wengi huandika mazoezi kwa maelezo marefu, dakika hizi kwa kasi hii, dakika zile kwa kasi ile, lakini ikifika siku ya mapumziko huacha nafasi tupu. Nafasi tupu humwalika mtu aijaze. Tunashauri kocha aandike: leo lala hadi saa fulani, kula hiki, tembea dakika 20 na mkeo, usiguse baiskeli, na kesho yake aulize kama agizo lilitekelezwa, kama anavyouliza habari za mbio. Vilevile zipo saa za mkononi za kisasa ambazo huhesabu hatua na kumpongeza mvaaji kwa kila siku asiyokatisha, na siku anapopumzika humuonesha mstari uliokatika kana kwamba ametenda kosa. Mtu mzima mwenye akili zake hutoka nje saa nne usiku kuzunguka nyumba ili mstari usikatike! Kwa kweli tunacheka, lakini tunasikitika.

Dalili za anayehitaji kusimama hazijifichi. Mapigo ya moyo ya asubuhi kabla ya kuinuka kitandani huwa juu kuliko kawaida yake. Usingizi unakatika ingawa mwili umechoka. Hamu ya chakula hupungua, hasira hupanda kwa jambo dogo, mafua hayaishi, na kasi hushuka ingawa bidii imeongezwa. Hii ya mwisho ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu mwanamichezo huijibu kwa kuongeza bidii tena. Mwaka 2013 Chuo cha Ulaya cha Sayansi ya Michezo na kile cha Marekani cha Tiba ya Michezo vilitoa tamko la pamoja linalopambanua daraja za hali hiyo. Daraja ya kwanza huondoka kwa siku au wiki chache za mapumziko na humwacha mtu na nguvu zaidi. Ya pili huhitaji wiki hadi miezi. Ya tatu inaweza kuchukua miezi mingi, na wapo ambao hawakurudi tena katika kiwango chao. Mpaka baina ya daraja hizo hauonekani wakati mtu anauvuka; hujulikana baadaye, kwa urefu wa muda aliokaa kitandani. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Neno letu la mwisho ni kwa watu wa nyumbani, ambao huonekana kana kwamba hawahusiki. Mara nyingi mke au mume wa mwanamichezo huyu ndiye wa kwanza kuona kwamba mwenzake amebadilika, na akisema huambiwa haelewi michezo. Aseme tena. Na pale wiki ya nne inapofika, asimkaribishe kwa orodha ya kazi zilizolala miezi mitatu, hata kama ana haki ya kuwa nayo. Ampe siku mbili kwanza. Hasira ya Jumanne na uzito wa Jumatano vitapita.

Newby-Fraser, yule aliyelala juu ya lami ya Kona watu wakidhani habari yake imekwisha, alirudi katika barabara ileile Oktoba 1996, akiwa na umri wa miaka 34, akashinda kwa mara ya nane.